Kabla Haijashika Mtandao

SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha duka la Fundi hakina dirisha. Kina meza moja, taa moja, na ndoo iliyojaa simu mbovu. Wanaume wanne walikalia makreti ya soda, magoti yanagusana, na aliyekuwa akisema ni Mjomba. Alikuwa amepasua boksi akachora ndani yake kwa kalamu nene: geti, godauni, ngazi ya nje, ofisi ya Meneja juu, kabati la chuma pembeni ya dirisha.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Jina lilimganda tangu enzi alipokuwa akifundisha vijana kufungua vitasa, na nusu ya wezi wa mji ule wamepita mikononi mwake. Ana mvi, ana miwani, ana sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Saa saba wanakwenda kula," alisema. "Saa tisa mkaguzi anafika. Hapo katikati ndipo petu."

Macho ya Patasi yalikuwa kwenye lile kabati lililochorwa. Yeye ndiye mfunguaji wa genge, na jina la Patasi alipewa kwa kazi hiyo. Amefungua maduka, amefungua maghala, amefungua sefu ya sonara, mwenyewe akiwa amelala chumba cha pili, na siku zote hizo moyo wake ulikuwa umetulia. Kazi ni kazi. Unaingia, unatoka, unakula. Leo aliamka na hasira, na mfunguaji mwenye hasira vidole vinamtetemeka.

Ndani ya kabati lile hakukuwa na pesa. Kulikuwa na simu, simu ya kawaida tu, kioo kimepasuka pembeni. Simu ya mdogo wake.

Mdogo wake aliendesha foklifti, mtambo wa kuinulia mizigo, kwenye godauni lile. Foklifti yenye breki mbovu. Alisema kwa mdomo mpaka mdomo ukachoka, akajibiwa aendeshe taratibu. Siku moja akajirekodi: yuko juu ya mtambo, anakanyaga breki mpaka chini, na mtambo unateleza tu, huku yeye akitaja namba ya mtambo kwa sauti. Video hiyo akamtumia Meneja kwa imeli ya kazini. Akawapa na wenzake watatu wa zamu. Mkewe hakumpa, hakutaka kumtia hofu. Haikupita wiki, mtambo ukamshinda kwenye mteremko wa kupakilia mizigo na kumbana ukutani. Walipouvuta nyuma alikuwa ameshakata roho.

Kampuni ikasema alikuwa amelewa. Amelewa! Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi alikuwa akiinusa kwanza. Mjane akarudishwa nyumbani mikono mitupu na neno hilo kichwani, na yule mtoto wake wa mgongoni atakua akisikia kuwa baba yake alikufa mlevi.

Sasa sikiliza ushenzi wenyewe. Pale kazini ratiba ya zamu inakuja kwa imeli. Huna imeli kwenye simu, huna zamu. Simu lakini unanunua mwenyewe, bando unajaza mwenyewe, ikianguka chooni ni msiba wako mwenyewe. Basi ikaja apdeti. Baada ya apdeti, imeli ikagoma kufunguka mpaka ubonyeze KUBALI chini ya maandishi marefu, madogo, ya kuumiza macho. Nani asome? Watu wamesimama getini, zamu inaanza, msimamizi anapiga filimbi. Wakabonyeza. Kumbe ndani ya maandishi yale wamekubali kuwa kampuni inaweza kuifunga simu yako, na ikitaka inaifuta, yote, picha za harusi na sauti za wazazi wako pamoja, eti usalama wa taarifa za kazi.

Asubuhi ya baada ya mazishi, simu za wale wenzake watatu zikazima zenyewe. Zikawaka zikiwa tupu, zinamkaribisha mwenyewe kama mgeni. Mmoja wa hao watatu ni Mlinzi wa geti. Pamoja na ile video alipoteza kila picha ya marehemu mama yake, na mama huyo hakuwa na picha kwingine kokote duniani. Ndiyo maana Mlinzi akawa mtu wao wa ndani bila kubembelezwa.

Imeli yenyewe ilikuwa mikononi mwa kampuni, ikabaki simu ya marehemu peke yake. Ilizimika mfukoni mwake siku ile ile ya ajali. Meneja aliichukua pale pale, damu haijakauka, akasema ina imeli ya kampuni kwa hiyo ni mali ya kampuni mpaka mkaguzi wa kazi aje. Na amri ya kuifuta walishaituma. Iko hewani, inangoja.

"Ikiwashwa ikashika mtandao, hata mara moja, imekwisha," alisema Fundi. Alikuwa mwembamba, ana kovu la moto kwenye kidole gumba, na ndiye pekee chumbani mle asiyewahi kufungwa. "Kwa hiyo laini itoeni huko huko. Mniletee ikiwa imezimwa. Nitaiwasha ndani ya sanduku la chuma nililolitengeneza, nitoe ile video, nimalize."

Mlinzi alikuwa amesikia zaidi ya hayo. Alipeleka chai ofisini akawakuta Meneja na kijana wa kompyuta wanacheka. Saa tisa wataiweka simu mezani, mbele ya mkaguzi, katikati ya waifai ya ofisi, na wataiwasha kwa heshima zote. Itajifuta yenyewe, mkaguzi akitazama. Kisha wataomba radhi na kumpa mkaguzi soda.

Patasi alipoyasikia hayo mara ya kwanza alipiga ukuta ngumi mpaka ngozi ikatoka. Alikwenda kwa Mjomba usiku huo huo, akijua kabisa kuwa kazi haina mali ya kugawana, na Mjomba alimshika bega akamwambia, wewe ni mwanangu. Patasi karibu alie. Mtu mzima, amekula jela mara mbili, karibu alie kwa neno moja la yule mzee.

Namba ya siri ya simu alikuwa nayo. Alimwomba mjane, shemeji yake. Shemeji akauliza ya nini, naye akamjibu ni mambo yetu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya Mjomba, waliyomezeshwa wote tangu ujana: mtu wa nyumbani haambiwi kitu. Polisi wakija wakampiga makofi, hana la kusema. Patasi hakuwahi kuivunja sheria hiyo, na alijivunia.

SAA SABA NA ROBO

Walikuja kama mafundi wa mitungi ya kuzimia moto. Ovaroli za bluu, gari lenye ngazi juu, mitungi myekundu imepangwa nyuma. Aliyeshika usukani, yule wa nne chumbani mwa Fundi, aliitwa Kobe, kwa sababu alikuwa akiendesha polepole hata baada ya kazi, na kwa polepole hiyo hajawahi kusimamishwa na trafiki hata mara moja.

Mlinzi alifungua geti bila kuwatazama usoni. Alilikosa komeo mara mbili kabla ya kulifunga nyuma yao. Patasi alitaka kumwambia atulie, akaona si busara.

Wakapita kando ya godauni, mtungi begani, na hapo ndipo alipoiona. Foklifti ile ile, namba ile ile ubavuni, imepakwa rangi mpya ya njano. Kijana mwingine ameshaketi juu yake anapakua mizigo. Wameipaka rangi. Breki hawakuzigusa, mlio wake ulisikika ilipokuwa ikishuka ule mteremko, na yule kijana akijivuta nyuma kwenye kiti kama anayezuia gari kwa mgongo. Patasi akasimama. Angekuwa peke yake angeutupa ule mtungi, amshushe yule kijana, aitie moto foklifti pale pale.

Mjomba akamgusa kiwiko. "Juu," alisema.

Ngazi ya nje. Mlango wa mapokezi wazi, kiti kitupu, pangaboi linazunguka. Hakuna mtu. Kamera ya ukumbini imegeuzwa ukutani. Mjomba alibaki mlangoni akijifanya kusoma tarehe ya mtungi, na Patasi akaingia ofisi ya Meneja.

Ofisi ilinuka marashi ghali. Picha ya Meneja ukutani anapokea zawadi ya usalama kazini, amekenua meno yote. Patasi alipiga goti mbele ya kabati, akatoa vifaa vyake, akaingiza waya kwenye kitasa.

Kilifunguka kabla hajavuta pumzi.

Alibaki amepiga goti pale. Kabati la aina ile hufungwa mara mbili, kila karani anajua, na lile lilikuwa limefungwa mara moja tu, tena kizembe. Mapokezi hayana mtu. Kamera inatazama ukuta. Katika miaka yake yote Patasi aliogopa vitu viwili, mbwa wasiobweka na kazi nyepesi. Lakini simu ilikuwa pale, kwenye mfuko wa plastiki wenye jina la mdogo wake, na mkono ulishaifuata kabla kichwa hakijamaliza kufikiri.

Aliitoa laini kwa pini, akaitupa laini dirishani. Akahakikisha simu imezimwa. Akaifuta vumbi kwa kidole gumba pale kioo kilipopasuka.

"Nipe," alisema Mjomba mlangoni.

Mali hukaa kwa mkubwa mpaka mmefika salama. Hiyo nayo ni sheria. Patasi akampa.

SAA NANE KASORO

Kwenye makutano ya barabara, kwa Fundi ni kulia. Kobe alikata kushoto.

Patasi alikuwa nyuma, amekaa sakafuni kati ya mitungi. Alilisubiri gari ligeuke. Halikugeuka. Akamtazama Kobe kwenye kioo, na Kobe akakwepa macho.

"Kwa Fundi ni kulia."

Mjomba hakugeuza kichwa. "Kuna mtu tunamwona kwanza."

"Nani?"

Taa za barabarani zikawasimamisha, mama mmoja akavuka na watoto wake. Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Alikuwa na adabu hata katika uovu, yule mzee.

"Simu ikijifuta mbele ya mkaguzi, maswali yatabaki," alisema. "Ikiibiwa, hakuna swali. Wezi ni wezi. Meneja ameliona hilo mwenyewe, na ni mtu mwepesi kutoa. Utapata fungu lako kubwa kuliko letu. Na la shemeji yako."

Sasa Patasi akaelewa kila kitu, kitasa, kamera, kile kiti kitupu. Meneja ndiye aliyewafungulia mlango. Walikuwa wamemwibia mtu anayetaka kuibiwa. Na yeye, mfunguaji mkubwa, aliingizwa mle kama ndoano inavyoingizwa mdomoni mwa samaki.

"Umeniuza."

"Mdogo wako amekufa, Patasi. Simu haitamfufua. Mimi nimezika ndugu watatu, najua ninachosema. Kula, mwanangu. Kula ulale."

Lile neno mwanangu ndilo lililomaliza kazi. Patasi hakupiga kelele. Alivuta pini ya mtungi uliokuwa karibu naye, akauelekeza mbele, akabana.

Gari likajaa unga mweupe. Kobe akapiga kelele, akakanyaga breki, na breki za Kobe zilikuwa nzima. Gari likapanda ukingo wa barabara na kugonga nguzo. Patasi alikuwa ameshamrukia Mjomba kutoka nyuma, mkono mmoja shingoni, mwingine unatafuta mfuko wa ovaroli. Mzee alikuwa na nguvu za ajabu. Kisu kilitoka wapi, Mungu ndiye ajuaye. Kiliingia ubavuni mwa Patasi, kikatoka, kikaingia tena juu kidogo, na Patasi akampiga usoni kwa kitako cha mtungi. Miwani ikavunjika. Akampiga tena. Ile ya pili haikuwa ya lazima, na alijua, na alipiga.

Kobe alikuwa anakohoa juu ya usukani, uso mweupe kama wa mpika mikate.

"Aliniambia umekubali," alisema. "Haki ya Mungu aliniambia umekubali."

Huenda kweli. Patasi hakuwa na nafasi ya kumpima. Alisukuma mlango wa nyuma akashuka, simu kifuani, damu inamtiririka mpaka kwenye kiatu.

Alikata vichochoro. Watu walimpisha bila kuulizwa, mtu mweupe kichwani na mwekundu kiunoni nani atamzuia? Alipofika kona ya duka la Fundi alisimama ghafla na kujibanza ukutani. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Fundi amechuchumaa kwenye sakafu ya baraza, pingu mikononi, shati limechanika. Askari mmoja alikuwa akimwaga ile ndoo ya simu mbovu barabarani, mwingine amelishika lile sanduku la chuma, analigeuzageuza na kucheka.

Mjomba alikuwa amewauza wote, jumla. Ili Meneja alale vizuri zaidi walihitajika wezi wa kuonyeshwa, na wezi wenyewe hao hapo, na mmoja wao hata kufuli hajawahi kuiba. Patasi aliuma ngumi yake mpaka ikatoka damu nayo.

SAA NANE NA NUSU

Shemeji yake aliishi chumba kimoja na ukumbi, nyuma ya nyumba ya watu. Alimkuta anaanika nepi. Alipomwona aliacha beseni, akamvuta ndani, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Ameolewa katika ukoo ule miaka ya kutosha kujua wakati wa kupiga kelele na wakati wa kutafuta kitambaa.

Alimfunga ubavu kwa nepi mbili na mkanda wa marehemu. Alimpa maji, Patasi akanywa kikombe kizima, akaomba kingine. Mtoto alikuwa amelala kitandani, mikono juu kama aliyejisalimisha. Patasi akatoa mfuko wa plastiki, akauweka mezani.

Mwanamke aliitambua kabla hajaigusa. Aliketi. Akaufuta ule unga mweupe kwa upindo wa gauni lake, polepole, pale pale kwenye ule ufa.

"Ficha," alisema Patasi. "Usimpe mtu. Nitamtuma mtu aje kuichukua."

"Shemeji, imetoka wapi? Wao walisema..."

"Usiniulize. Ficha tu."

Akasimama. Mlangoni alisita, mkono kwenye komeo. Mdomo ulifunguka kumwambia kitu, kisha ukajifunga wenyewe kwa mazoea, na akatoka.

Alikwenda mbali na pale kadiri miguu ilivyomruhusu, kisha akatembea katikati ya barabara kubwa, mchana kweupe, ili wamwone. Hawakukawia. Walimwangusha kifudifudi, goti mgongoni, na yeye shavu likiwa kwenye lami alikuwa karibu kutabasamu. Wampige. Wapekue nyumba yake, wapekue ya hawara yake, wapekue na makaburi. Hawatafika kwa mjane, kwa sababu mara zote mbili alizofungwa hakutaja mtu wa nyumbani, na kwenye daftari lao Patasi hana ndugu.

Walimpiga kweli. Aliwaambia jina lake na basi.

Saa kumi na mbili jioni Meneja alifika kituoni. Patasi alimwona kupitia nondo, tai imelegea, anafuta jasho, anaongea na mkuu wa kituo kwa kunong'ona. Mjomba yuko hospitali na taya lililovunjika, hawezi kutamka neno, mfuko mtupu. Mkaguzi alikuja, akaambiwa simu imeibwa, akaandika, akasema atarudi. Na simu haijulikani iliko. Meneja akageuka, macho yao yakakutana, na Patasi akacheka. Mbavu zilimuuma kama zinachomolewa, na alicheka hata hivyo, mpaka askari akaja kumnyamazisha kwa rungu.

Usiku mzima alipanga. Shemeji atakuja na chakula, lazima atakuja. Naye Patasi atamnong'oneza jina la mkaguzi. Simu apewe mkaguzi mkononi, afungue mahali pasipo mtandao, mbele ya mashahidi. Wataiona ile breki. Watasikia namba ya mtambo kwa sauti ya marehemu mwenyewe. Neno mlevi litafutwa, na Meneja ajaribu kukenua meno ya ile picha yake ya ukutani mahakamani.

ASUBUHI

Alikuja mapema, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Walikaa pande mbili za wavu wa chuma, askari amesimama mbali kidogo anachokoa meno.

Patasi alikuwa ameandaa maneno yake, lakini uso wa shemeji ulimnyamazisha. Tangu mazishi hakuwa amemwona na uso wa namna ile. Ulikuwa umevimba kwa kilio, na ulikuwa na nuru.

"Nimemwona," alisema.

Akaanza kueleza, taratibu, kama mtu anayehadithia ndoto nzuri. Alingoja mtoto alale. Akaitoa simu kwenye debe la mchele. Alitaka kumwona tu, shemeji, tangu afe hajasikia sauti yake. Akaiwasha, akaingiza namba. Picha ya kwanza ni yeye amembeba mtoto. Akaenda kwenye video, akafungua ya mwisho, na hapo akamwona yuko juu ya ule mtambo, anakanyaga breki na mtambo hausimami. Anawaambia, kwa mdomo nimesema nimechoka, sasa tazameni wenyewe. Alikuwa mzima kabisa, macho makavu, sauti yake ile ile ya kazini. Akataja na namba.

"Kisha ikakatika," alisema. "Kioo kikawa cheusi. Ikaandika inafutwa na msimamizi, kitu kama hicho. Ikajizima. Ilipowaka ikaniuliza nachagua lugha gani."

Patasi alishika wavu.

"Laini niliitoa," alisema. "Niliitoa mwenyewe."

"Haikuwa na laini."

"Sasa mtandao ilipata wapi?"

Ilibidi shemeji afikiri kidogo. Kisha akasema ni wa kwake. Marehemu alikuwa hajazi bando akiwa nyumbani, alikuwa anavuta la mkewe, walikuwa wakigombana kwa hilo kila mwisho wa mwezi. Hotspoti ya simu yake aliiacha imewashwa tangu siku ya ajali. Hakuwa na moyo wa kuizima. Na jana ile simu ilipowaka, simu yake ikaandika juu ya kioo kuwa mume wake amejiunga.

"Imeandika jina lake," alisema. "Nililia kwa furaha, shemeji. Sasa itarudi? Kuna fundi wa kuirudisha?"

Angeweza kumdanganya. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mwepesi, wa mazoea. Aliumeza. Alimwambia kila kitu, tangu ile KUBALI na ile amri iliyokuwa inangoja hewani, mpaka sanduku la Fundi na yale ya Mjomba. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumweleza mtu wa nyumbani kazi yake, na alieleza mpaka mwisho. Alipomaliza, ile nuru ilikuwa imeondoka usoni mwa shemeji, na kilichokuja mahali pake kilikuwa hasira, hasira tupu, isiyotafuta mahali pa kujificha.

"Usiiwashe," alisema. "Neno moja. Ulikunywa maji yangu vikombe viwili, ukashindwa kuniambia neno moja."

Patasi aliuachia wavu.

"Yeye alijua breki mbovu akanificha, asinitie hofu. Wewe ukanificha, nisipigwe. Mnanilinda. Mmenilinda mpaka nimeua ushahidi wa mume wangu kwa vidole vyangu." Sauti haikupanda hata kidogo. "Kwenye dunia nzima aliyeiona video ile na anataka kusema ni mjane wa mlevi. Niende nikamwambie nani?"

Mtoto aliamka mgongoni akaanza kulia. Askari akatupa kijiti chake akasema muda umekwisha. Mwanamke alisimama, akamkaza mtoto vizuri, akainama kuchukua kikapu. Chakula kilikuwa bado ndani, hakijafunuliwa. Alikichukua, akaondoka nacho.

Patasi alimwita. Hakumwita shemeji, alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Hakugeuka.